Muhtasari wa Kikao cha Nne

Tumekaa nyuma ya mashine ya kusaga, Bahi,
wanachama tisa, mabenchi mawili na gunia la pumba.
Akidi imetimia. Mashine imezimwa
lakini unga bado unashuka, polepole,
juu ya daftari, juu ya nyusi za Ndahani,
juu ya sanduku lenye kufuli tatu.

Ajenda ni moja: mlima Nzogole.
Hisa moja laki nne,
na wakala mwenye viatu visivyojua vumbi
ametuachia jiwe. Ukiligeuza kwenye jua
linakonyeza.

Ndahani ametangulia, maana ndiye mweka hazina:
leseni ipo, ameiona, ina muhuri.
Cheti cha mazingira kiko njiani.
Kibali cha maji, ofisi ya bonde wanakishughulikia.
Na ramani ya matumizi ya ardhi ya kijiji
imeupaka mlima kijani: malisho,
na kwa maandishi madogo, chanzo cha maji.
"Rangi hubadilishwa," amesema Ndahani.
Akacheka peke yake.

Chilongani, wa vipuri vya baiskeli, hana subira.
Anayengoja karatasi zote zikamilike
atanunua kwa bei ya wenye magari.
Leo hisa ni mbuzi wanne;
mwakani ni ng'ombe na ndama wake.
Wengi tukaguna kukubali. Na mimi nikaguna.

Swalehe wa Kondoa, aliyepima mvua miaka thelathini
kwa chupa ya serikali, amevua miwani:
"Bwawa la tope la sianidi wamelichora hapa,
juu ya korongo. Mwaka wa elinino
korongo hili lilibeba daraja."
Akarudisha miwani.

Kisha Mchiwa, anayeweka akiba
kwa pesa za mlenda na mchicha, na huwa hasemi,
ameuliza, nanukuu:
"Mwezi wa kumi nachimba mchangani
shimo la kunifika kiunoni
ndipo maji yaje, nayo huja kijiko kijiko.
Hao watakaoosha mawe usiku na mchana
watachimba wapi?
Na wakishaosha, uchafu wao unahamia kwa nani?"

Hapa naandika: swali halikujibiwa.
Siandiki urefu wa kile kimya,
wala kwamba Chilongani aliinama
kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Siandiki na hili:
Jumanne, kabla ya kikao,
nilimfuata wakala stendi
nikampa laki nne, ada ya Nyemo,
nikapewa risiti yenye picha ya simba.
Iko ndani ya soksi. Inawasha.
Nyemo karudishwa nyumbani na daftari zake;
nimemwambia wenzake nao wamerudishwa.

Maazimio.
Moja: Ndahani aende Dodoma, kwa nauli ya kikundi,
akakione cheti kwa macho, si kwa simu.
Mbili: Swalehe na Mchiwa wapande Nzogole
wapime kwa hatua, kutoka kwenye bwawa la mchoro
mpaka kwenye shimo la mchicha.
Pesa ibaki sandukuni.
Mengineyo: mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno.
Nilifungua mdomo.
Nikasema tufunge kwa sala.

Funguo tatu, watu watatu. Mmoja ni mimi.

Upepo ukaja, ule wetu, wa kuvua watu kofia,
karatasi za wakala zikainuka kama kuku waliotishwa.
Mchiwa akalichukua lile jiwe
akazikandamiza nalo, bila hata kulitazama.
Hadi kikao kinafungwa
hiyo ndiyo kazi pekee dhahabu imetufanyia.

Imeandikwa na katibu.
Sahihi haisomeki vizuri;
unga umeingia kwenye wino.